Ukuta wa kubomoa ni ule wa nyuma

Swali: Shikamoo mama. Ninaishi Moshono, Arusha, kwenye nyumba aliyojenga baba mkwe mwaka 1989. Ina vyumba vitatu, sebule, na jiko la ndani la mita 2.4 kwa 3.2 ambalo limegeuka stoo. Tunapika uani, kwenye kibanda cha mabati, kwa kuni, na gesi kidogo. Tuko saba: mimi na mume wangu, watoto watatu (mdogo ana miaka minne), mama mkwe mwenye miaka 74, na binti anayetusaidia kazi. Jioni watoto huandikia kazi zao za shule pale pale kibandani, bibi yao akichambua mboga. Sasa tunakarabati, na nataka jiko liwe kitovu cha nyumba. Wazo langu ni kubomoa ukuta kati ya jiko na sebule, niweke kisiwa (kaunta iliyosimama peke yake) katikati, kaunta ya granaiti na makabati mpaka darini, kama ninavyoona kwenye picha. Mume wangu anasita kwa sababu ya harufu ya dagaa sebuleni. Maji tuna ya bomba na ya kisima cha jirani. Nani yuko sahihi, na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limegota kwenye sentensi ambayo nadhani uliiandika kwa kupita tu: watoto wanaandika kibandani, bibi anachambua mboga. Unaniambia unataka kitovu cha nyumba, kumbe unacho tayari. Kina moshi, kina giza, masika kinavuja, lakini kipo, na watu saba wanakijua njia yake hata usiku. Kazi yetu ni kukihamisha bila kukiua. Kwa hiyo mumeo yuko sahihi kuhusu ukuta ule wa sebule, ingawa sababu yangu si dagaa. Ukuta wa kubomoa ni ule wa nyuma, unaotenganisha jiko la ndani na ua.

Nikueleze picha hizo zilikotoka, maana ukijua historia yake utaelewa kwa nini nakuzuia. Mwaka 1926 mbunifu mwanamke kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko kwa ajili ya nyumba mpya za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa jembamba, kama mita 1.9 kwa 3.4, kila kitu mkononi, hatua chache, kazi iishe upesi. Lilikuwa wazo la huruma: wanawake wale walichoka. Maelfu ya majiko hayo yalijengwa, na makabati ya kupachika tunayoyaona leo ni wajukuu zake. Lakini lilikuwa jiko la mtu mmoja. Mama aliingia mle akatengana na watoto wake. Vizazi vilivyofuata huko Ulaya na Marekani vikabomoa ukuta ili mama arudi kwa watu, na ndipo likaja hilo jiko la wazi lenye kisiwa. Ni dawa ya ugonjwa wao. Sisi mama hakuwahi kufungiwa chumbani. Alikuwa uani na watu wake, na ukuta wetu uko kati ya huo ua na nyumba iliyojengwa baadaye.

Jambo hili nilijifunza kwa kukosea. Miaka mingi iliyopita nilimchorea mteja mmoja jiko la wazi, kisiwa, taa tatu za kuning'inia, kila kitu. Nilirudi baada ya mwaka kumsalimu. Kisiwa kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha kufuma na maua juu yake, na yeye nilimkuta nyuma ya nyumba, ameinamia mafiga chini ya turubai, mvua ikimpiga mgongoni. Nilikuwa nimempa sebule ya pili, nikamwacha anapikia kwenye matope. Tangu siku ile, mtu akiniomba jiko huwa namuuliza kwanza jana alipika nini, alipikia wapi, na nani alikuwa amekaa karibu.

Basi ninachokupendekezea ni hiki. Nyuma ya jiko la ndani, jenga baraza ya kupikia yenye paa: upana mita 3, urefu mita 5 kama ua unaruhusu. Ukuta wake uwe wa kufika kiunoni, juu yake wavu na madirisha ya kufunga, kwa sababu Juni na Julai Arusha si ya mchezo na ukungu wa Meru utawafukuza wote mrudi sebuleni. Kati ya baraza na jiko la ndani fungua nafasi ya mita 1.8, mlango wa mbawa mbili, sakafu iwe usawa mmoja bila kizingiti. Bibi wa miaka 74 akianguka, ataangukia hapo penye kizingiti. Ndani patabaki sinki, friji, makabati, jiko la gesi la kila siku na vitu vinavyotaka usafi na ukavu. Nje patakuwa meza kubwa, sehemu ya kukaa, sinki la pili la kuoshea sufuria kubwa, na moto wa vyakula vizito. Yote mawili ni jiko moja, na aliyesimama kwenye sinki la ndani amwone anayeandika mezani nje.

Kisiwa sahau. Chukua tepu upime: chumba chako kina upana wa sentimita 240. Kaunta inachukua 60. Watu wawili kupishana wakiwa na sufuria ya moto wanataka 100 na zaidi. Zilizobaki hazifiki 80, na mtu hawezi kuzunguka upande wa pili. Meza ya mninga ya mita 2 kwa 0.9 kwenye baraza inafanya kazi yote ya kisiwa, na siku ya msiba au ubarikio wa mtoto unaibeba mnaiweka uani.

Kuhusu ubomoaji, neno moja zito. Ukuta wa nyuma ni wa nje, na kwa kawaida ndio uliobeba kenchi, zile mbao zinazoshikilia paa. Fundi asiguse nyundo kabla ya kupanda darini na kuona kenchi zimelalia wapi, na kama juu ya madirisha kuna lenta, yaani boriti ya zege, inayozunguka nyumba yote au vipande vipande tu. Kama mlango wa nyuma na dirisha la jiko viko jirani, kuviunganisha ni salama kuliko kutoboa mahali papya. Paa lishikwe kwa nguzo kwanza, lenta mpya iingie kwenye ukuta mzima sentimita 20 au zaidi kila upande, na nguzo zisitolewe kabla ya siku 14, hata fundi akikuambia zege limekauka. Kukauka siyo kukomaa; zege huhesabiwa nguvu zake kwa siku 28. Na kibali cha halmashauri ya jiji kichukue kabla, kwa sababu unaongeza jengo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo karibu kila jiko jipya ninaloingia limekosea: kimo. Vitabu vinasema kaunta iwe sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Kwa kukata nyanya ni sawa. Lakini sisi tunasonga ugali. Tuseme kaunta ni 88, juu yake umeweka jiko la gesi la mezani lenye kimo cha 12, juu yake sufuria ya 18. Mdomo wa sufuria uko 118. Mwanamke wa urefu wa sentimita 160 kiwiko chake kiko kama 100. Maana yake anasonga ugali wa watu saba mikono ikiwa imepanda juu ya kiwiko, kwa nguvu za mabega peke yake. Baada ya mwaka anaumwa shingo na anadhani ni uzee. Kusonga kunataka uzito wa mwili ushuke kwenye mwiko, kwa hiyo mdomo wa sufuria uwe chini ya kiwiko kidogo. Pahali pa jiko la gesi pashushwe hadi 62 au 65, ngazi moja chini ya kaunta nyingine. Itaonekana kama kosa kwa mgeni asiyejua. Mwache.

Mama mkwe naye asiulizwe kama bado anafanya kazi za jiko. Anazifanya, umeandika mwenyewe. Kuchambua mchicha, kupepeta mchele, kumenya ndizi, hizi ni kazi za kukaa. Mjengee benchi la tofali lenye kimo cha 45, kina cha 45, lenye ukuta wa kuegemea, upande ambao jua la asubuhi linaingia na upepo hauingii. Kigoda chake cha zamani kibaki karibu, lakini goti la miaka 74 linahitaji kitu ambacho anaweza kuinuka bila kushikwa mkono. Kaunta mbele yake iwe wazi chini ili magoti yaingie, kimo cha 72. Hapo hapo ndipo watoto wataandikia, na huko ndiko kukaa pamoja unakokutafuta. Na huyo binti anayewasaidia kazi naye awe na kiti chake pale mezani, kisiwe ndoo iliyopinduliwa.

Maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo tofauti ya jiko la Arusha na la kwingine, na wabunifu wengi hatulisemi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inaachia madini ya floridi kwenye maji ya ardhini, na kiwango hutofautiana kisima hadi kisima, hata mtaa mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna visima vya upande wetu vinavyopita hapo kwa mbali, na ndiyo sababu ya meno ya kahawia ambayo wengi wetu tumekua nayo. Meno ya kudumu hutengenezwa ndani ya fizi utotoni kabla hayajaota, kwa hiyo anayepaswa kukufanya uharakishe ni yule wa miaka minne. Peleka maji yako yote mawili maabara kabla hujanunua hata kigae kimoja.

Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Chujio la kawaida la mshumaa nalo haliiondoi. Linazuia vijidudu tu. Vinavyoiondoa ni mashine ya RO, ambayo husukuma maji kupita kwenye utando, au mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko Arumeru. Mkaa huo hushiba, lazima ubadilishwe. RO nayo humwaga sehemu ya maji, hivyo bomba lake la taka lielekezwe kwenye ndoo ya kudekia au tangi la choo. Katika mchoro wako, hili lina maana mbili. Kwanza, chini ya sinki la ndani acha nafasi tupu ya sentimita 50 kwa 50, yenye koki yake na soketi iliyo juu mbali na maji. Pili, kwenye sinki weka bomba la tatu, dogo, la maji ya kunywa na kupikia peke yake. Watu husafisha maji ya kunywa, halafu wanapikia makande kwa maji ya kisima saa tatu nzima.

Na hayo makande yana kisa chake. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage yanayoiva Tanga kabla ya adhana ya alasiri, kwetu bado yanagonga sufuria. Bibi zetu waliongeza magadi kulainisha, na magadi mengi ya kwetu yana floridi nayo. Sitaki ugombane na mama mkwe kwa ajili ya magadi. Loweka maharage usiku, mwaga maji yake, halafu tumia sufuria ya presha, ambayo joto lake hupita nyuzi 110. Mpe yeye ndiye aijaribu ya kwanza, mbele ya wajukuu, na umwachie yeye aamue.

Paa la baraza litakusaidia zaidi ya unavyofikiri. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo baraza yako ya mita 15 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha, inakupa karibu lita 300; ukiunganisha na upande wa nyuma wa nyumba nzima, tangi la lita 5,000 litajaa mara kadhaa kwenye masika. Weka mabomba ya paa yenye mteremko, acha mvua ya kwanza ioshe bati na kumwagika, tangi lifunikwe vizuri. Hayo ndiyo maji ya uji wa watoto, baada ya kuchemshwa kuua vijidudu.

Moto. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kwenye nyumba yenye watoto wanaoandika karibu na moto mimi naunga mkono kwa moyo wote. Kuni zisirudi mahali watoto wanakaa. Kama mama anataka mafiga yake kwa sufuria ya sherehe, mjengee jiko banifu la tofali kwenye kona ya baraza upepo unakoelekea, ili moshi usirudi kwenu, lenye bomba la moshi linalopita juu ya paa kwa sentimita 60. Mkaa usiwashwe ndani milango ikiwa imefungwa, hata usiku wa baridi kali. Hewa yake yenye sumu haina harufu na inaua watu waliolala.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inashuka na kutambaa sakafuni kama maji, inajikusanya kwenye kabati na kwenye mashimo. Kwa hiyo mtungi ukae nje, umesimama, kwenye kizimba cha nondo chenye hewa, mbali na chemba na mfereji, na usikae kamwe ndani ya kabati chini ya jiko lenyewe kama wauza makabati wanavyopenda. Ndani, acha tundu la hewa lenye wavu chini kabisa ya ukuta, karibu na sakafu. Tundu la juu peke yake linatoa mvuke na harufu, gesi haliitoi. Kwa umeme, sufuria ya presha na oveni kila kimoja kipate waya na breka yake. Usikubali vyote viwekwe kwenye soketi moja ya zamani ya mwaka 1989.

Kwenye vifaa nitapita haraka. Granaiti ni nzuri lakini siyo hitaji lako. Terazo iliyosagwa vizuri na mafundi wetu inadumu miaka mingi na pesa inayobaki inalipa nusu ya hayo niliyoyataja. Makabati ya chini yajengwe kwa tofali na slabu nyembamba, milango tu iwe ya mbao, kwa sababu MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa, ikinywa maji ya kudekia inavimba kama mkate. Mpaka darini usiende: kitu kilicho juu ya mita 1.9 mtapanda kiti kukifuata, na atakayepanda ni binti wa kazi. Marumaru za sakafuni ziwe za kukwaruza, si za kung'aa. Bomba la maji machafu lishuke sentimita 2 kila mita, na kabla ya chemba weka kichemba cha kunasa mafuta.

Umeuliza uanzie wapi. Anza na baraza, ukiwa bado unapikia kibandani. Ikishaezekwa na kuwa na maji, hamieni huko mpike huko. Ndipo ubomoe ukuta, maana jiko la ndani likiwa vumbi tupu nyinyi mnakula kama kawaida. Kibanda cha mabati kiwe cha mwisho kabisa kung'olewa, na mama mkwe ndiye aseme lini. Kabla ya masika ya Machi paa liwe juu.

Tofali zikishafika, kabla fundi hajachanganya zege, tenga siku moja. Chora baraza chini kwa chokaa, kwa vipimo vyake kamili. Panga tofali kavu kuwa kaunta, benchi na pahali pa jiko, weka mbao juu, leteni sufuria na maji, mpike chakula cha jioni kizima hapo, watu saba. Wewe songa ugali. Mama achambue mboga akiwa benchini, kisha ainuke mwenyewe. Watoto waandike. Penye kuumiza ongeza au punguza tofali hadi kila mtu aridhike, halafu pima kila kimo na ukichonge kwa msumari kwenye ukuta wa nyumba, mahali ambapo fundi wa tofali, wa bomba na wa mbao wote watakiona.